Upangaji wa zamu za kujitolea
Upangaji wa zamu za kujitolea ni tatizo la hisabati la kugawa saa za kazi kwa watu wasiolipwa. Kila mtu kwa kila zamu huandikiwa 1 akipangwa, 0 asipopangwa, kisha huwekwa masharti: usiku wawe wawili, asiyeweza Ijumaa aachwe. George Dantzig, aliyebuni mbinu ya simpleksi mwaka 1947, alilieleza tatizo la aina hii mwaka 1954 kwa kutumia zamu za vibanda vya ushuru wa barabara. Ugumu uko kwenye haki. Zamu 6 kwa watu 3 zaweza kugawanywa 4-1-1 au 2-2-2. Jumla ni ileile, na kompyuta isiyoelekezwa haioni tofauti. Kwa hiyo huamriwa kupunguza mzigo wa aliyeelemewa zaidi, ambaye kwa kawaida ni yule asiyejua kukataa.