Dagaa wa Mwamgongo na Kanuni Zilizotungwa kwa Ajili ya Sangara

Usafirishaji wa samaki nje ya Tanzania husimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 pamoja na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009, ambazo humtaka mfanyabiashara awe na leseni ya kusafirisha mazao ya uvuvi, alipe mrabaha, yaani malipo ya serikali kwa rasilimali inayotoka nchini, na apate cheti cha afya, ambacho ni hati ya mkaguzi inayothibitisha kwamba mzigo unafaa kuliwa na binadamu. Masharti yenyewe hayana ubaya. Tatizo ni kwamba utekelezaji wake ulijengwa kwa kumtazama sangara wa Ziwa Victoria, na kwa hiyo humkagua dagaa wa Ziwa Tanganyika akiwa tayari ameshaharibika.

Kati ya 1997 na 1999 masoko ya Ulaya yalifungwa mara kadhaa kwa samaki wa Ziwa Victoria, kwanza kwa hofu ya salmonela, kisha ya kipindupindu, na hatimaye kwa sababu ya uvuvi wa sumu. Serikali iliimarisha ukaguzi viwandani na kujenga uwezo wa maabara ya Nyegezi, Mwanza, na hatua hizo zilifaa, kwa kuwa minofu ilipitia katika viwanda vichache na mkaguzi alijua pa kusimama.

Mwamgongo, kijiji kinachopakana na Hifadhi ya Gombe kwa upande wa kaskazini, hakina kiwanda cha kusimama mlangoni pake. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku usio na mbalamwezi, hushushwa alfajiri, kisha huanikwa mchangani au, kwa mwenye uwezo, juu ya chanja. Saa hizo chache ndizo huamua kila kitu: dagaa mbichi hushika mchanga usiotoka tena, na mvua ikiwakuta hawajakauka huanza kuvunda hata kabla ya kufungwa kwenye magunia. Mzigo unapofika mwalo wa Kibirizi, Kigoma mjini, kwa boti, ukiwa njiani kwenda Burundi au Kongo, mkaguzi anaweza kuukataa, lakini hawezi kuurekebisha.

Hati rahisi ya uasili wa bidhaa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, inayotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, humpunguzia mchuuzi mzigo wa forodha, na Kongo nayo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022. Hata hivyo haiondoi sharti la cheti cha afya. Ikiwa cheti hicho hupatikana mjini pekee, mwenye magunia matatu hupiga hesabu ya nauli na siku za kusubiri, kisha huuza kwa mwenye leseni au huvuka kimyakimya. Magunia yanayovuka hivyo hayaingii katika takwimu, ingawa Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kwa miezi 3 mwaka 2024 ili samaki wazaliane, na uamuzi wa namna hiyo unahitaji kujua ni kiasi gani kinachotoka.

Ukaguzi ushushwe mwaloni, penye chanja, na cheti kitolewe hapohapo. Kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU, kinaweza kutunza daftari la mizigo, lakini kisipewe mamlaka ya kutoa cheti, maana wajumbe wake wamo katika biashara hiyohiyo. Kazi hiyo ibaki kwa afisa uvuvi aliyeajiriwa na serikali, naye apewe boti na mafuta.