Fyuzi Haina Kosa

Projekta ya marehemu baba ilikuwa na macho matatu: jekundu, la kijani na la buluu. Mwaka 2004 ilianza kuzimika. Fundi wa mtaani alibadili fyuzi, ikaungua. Akabadili tena, ikaungua. Nikamwita mwongo, nikaipeleka kwingine.

Mzee mmoja wa Kariakoo aliifungua sehemu ya kupokea umeme, akanionyesha kapasita zilizovimba vichwa. Ndani yake mna karatasi za alumini zilizoloweshwa maji ya kemikali. Joto huyakausha mwaka hata mwaka. Kila nyuzi 10 zikizidi, umri wake hupungua karibu nusu. Kapasita ikidhoofika, transista huelemewa, na fyuzi hukatika ili kuinusuru mashine. Feni yetu ilikuwa imezibwa na vumbi.

Baadaye nilisoma kwamba kuanzia 1999 hadi 2007 hivi, kompyuta nyingi duniani ziliharibika kwa kapasita zilizotiwa maji mabovu kiwandani. Kasoro ilikuwa imejificha ndani tangu mwanzo.

Nasi tu hivyo hivyo: humlaumu aliye karibu. Picha za baba ziliporudi ukutani, nilikwenda kumwomba radhi fundi wa kwanza. Kibanda chake kilikuwa kimekwisha vunjwa.