"Hizo ni hadithi tu, leteni karatasi": Ushahidi wa manusura una uzito gani?

1/ Ukifuatilia mijadala ya fidia, iwe ya ardhi, ya maji yenye sumu au ya dhuluma za zamani, kuna kauli haikosi: "Hizo ni hadithi za wazee. Ushahidi uko wapi?" Wacha tuipime kwa kisa kilichotokea mbali na siasa zetu: Visiwa vya Marshall, Bahari ya Pasifiki.

2/ Kati ya 1946 na 1958 Marekani ililipua mabomu 67 ya nyuklia huko. Kuanzia 1947 ndiyo iliyokuwa imekabidhiwa na Umoja wa Mataifa kuvisimamia visiwa hivyo. Bomu kubwa kuliko yote, Bravo, lililipuliwa Bikini tarehe 1 Machi 1954. Nguvu yake ilikuwa kama mara 1,000 ya lile la Hiroshima.

3/ Rongelap iko zaidi ya kilomita 150 kutoka Bikini. Saa chache baadaye majivu meupe yakawaangukia watu huko, na watoto wakayachezea. Walihamishwa baada ya siku mbili hivi, wakiwa wanatapika na ngozi zinawasha. Taarifa rasmi ya Marekani mwezi huo huo? Hakuna aliyeungua, wote wazima.

4/ 1957 wakarudishwa nyumbani, wakaambiwa ni salama. Wanawake wakaanza kusimulia mimba kuharibika na watoto kuzaliwa bila umbo. Wengi wakapata uvimbe kwenye tezi ya shingo. 1985 wakahama wenyewe, wakisaidiwa na meli ya Greenpeace.

5/ Sasa turudi kwa karatasi. Zilikuwa kwa nani? Kwa yule yule aliyelipua. Nyingi zilibaki siri mpaka miaka ya 1990. Zilipofunguliwa, zikaonyesha kwamba mionzi ilifika mbali kuliko vile visiwa vinne vilivyotambuliwa wakati wa kupanga fidia. Yaani "hadithi" zilikuwa zimetangulia karatasi kwa miaka mingi.

6/ Zilitunzwaje miaka yote hiyo? Kwa sanaa pia. Wanawake wa Rongelap walitunga nyimbo za yaliyowapata. Baadhi walikuwa wamepasuliwa shingo kutolewa tezi, na sauti zikaharibika. Waliimba hivyo hivyo. Ukiwasikia, sauti yenyewe inakuonyesha jeraha. 2018, mshairi Kathy Jetñil-Kijiner alitoa shairi lake kwa video akiwa juu ya kuba la zege la Runit, linalofunika udongo wenye mionzi.

7/ Mahakamani je? 1995 Lijon Eknilang, aliyekuwa mtoto siku ya Bravo, alisimama mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague. Akaeleza mimba zake saba zilizoharibika. Na mkataba wa 2017 wa kupiga marufuku silaha za nyuklia unazitaka nchi wanachama kuwasaidia waathiriwa walio chini ya mamlaka yao. Sauti kama yake zilisaidia kufika hapo.

8/ Lakini tusidanganyane: kusikilizwa si kulipwa. Baraza la madai ya nyuklia la visiwa hivyo liliamua walipwe zaidi ya dola bilioni 2. Mfuko uliowekwa na Marekani ulikuwa wa dola milioni 150. Pesa zikaisha, na wengi wakafa kabla ya kumaliziwa haki yao.

9/ Kweli, kumbukumbu ya mtu inaweza kukosea, na karatasi zinahitajika. Ndiyo maana ushuhuda hupimwa, hautupwi. Kwa hivyo ukisikia tena mtu jukwaani akisema "leteni karatasi", muulize mawili: Ufunguo wa kabati uko na nani? Na tukishathibitisha, mfuko una pesa ngapi?