Vibomba viwili vya oili, moto wa Livonia na nyangumi

Jamani, nimepotea kidogo, mnisamehe. Kazi za gazetini zilinibana, halafu nikanaswa na jambo ambalo sikutegemea kabisa kwamba ningekuja kuliandikia: historia ya vibomba viwili vya chuma vinavyotoka kwenye giaboksi ya gari la otomatiki kwenda kwenye rejeta. Ndiyo, vibomba. Msicheke kwanza.

Mjomba wangu ana Mark II yake ya siku nyingi. Giaboksi ilikufa, akajikamua, akanunua nyingine ya mtumba kutoka Japani, gereji moja huku Ilala wakamfungia. Wiki ya tatu gari ikaanza kuteleza gia, ya nne ikagoma kabisa. Mjomba akajua ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Tukampeleka fundi mwingine, mzee wa makamo asiyependa maneno mengi. Akafungua vile vibomba viwili pale kwenye rejeta, akapuliza upepo upande mmoja, upande wa pili kukatoka tope jeusi lenye chembe zinazometameta. Akasema, "Mzee, giaboksi yako haikuwa mbovu. Imelishwa maiti ya ile ya kwanza."

Nikamwuliza, hivi hii mifereji ilianza lini? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maharage yalianza lini. Basi nikaenda kusoma mwenyewe.

Tuanze na kwa nini ipo. Gari la gia za mkono lina klachi kavu inayoshika na kuachia. Gari la otomatiki halina pedali ya klachi. Badala yake, kati ya injini na giaboksi kuna chungu kilichojaa oili, na ndani yake mna kitu mfano wa feni mbili zinazotazamana. Injini inazungusha moja, hiyo inairusha oili, oili inasukuma ya pili. Chuma hakigusi chuma. Ndiyo maana unaweza kusimama kwenye taa huku gia iko ndani na injini haizimi. Lakini hakuna cha bure. Kila feni ya pili inapobaki nyuma ya ile ya kwanza, nguvu iliyopotea inageuka joto ndani ya oili. Panda mlima na mzigo, au kaa kwenye foleni ya Morogoro Road mchana wa jua kali, oili inachemka. Ikizidi joto inaungua, inaacha utando kama vanishi, mipira ya kuzuia uvujaji inakakamaa, na klachi za ndani zinaanza kuteleza. Kwa hiyo oili inatolewa nje kwa bomba moja, inapita kwenye kipozeo kidogo kilichofichwa ndani ya tenki la rejeta, inapoa kwa maji ya injini, inarudi kwa bomba la pili. Basi, hiyo ndiyo siri yote.

Aliyeanzisha habari ya chungu cha oili hakuwa mtu wa magari. Ni Mjerumani Hermann Föttinger, mhandisi wa kiwanda cha meli cha Vulcan mjini Stettin (leo ni Szczecin, Poland). Tatizo lake lilikuwa taabini ya mvuke inayozunguka kwa kasi mno kuliko propela ya meli inavyotaka. Mwaka 1905 akapata hataza ya kupitisha nguvu kwa njia ya maji badala ya meno ya gia. Huko baharini joto halikuwa shida kubwa, maji ya kupozea yamekuzunguka pande zote. Shida ilikuja kitu hicho kilipopanda nchi kavu.

General Motors ya Marekani ndiyo iliyokifikisha kwa mwananchi. Mwishoni mwa 1939 ilitoa Oldsmobile za mwaka 1940 zikiwa na giaboksi iitwayo Hydra-Matic, kazi iliyoongozwa na Earl Thompson. Gia nne, inabadili yenyewe, na mteja aliongeza dola 57 tu juu ya bei ya gari. Cadillac ikafuata 1941. Halafu vita. Vifaru vyepesi vya M5 Stuart vilifungwa injini mbili za Cadillac na Hydra-Matic mbili, na baadaye M24 Chaffee hivyo hivyo. Vita vilipokwisha kampuni ikatangaza kwa mbwembwe kwamba giaboksi yake imejaribiwa vitani, jambo ambalo kwa mara moja tangazo la biashara lilikuwa kweli.

Mwaka 1948 Buick ikaja na Dynaflow, 1950 Chevrolet ikaja na Powerglide ya gia mbili tu. Hizi zilitumia toki konveta, yaani feni mbili za Föttinger zikiongezewa ya tatu katikati inayorudisha oili kwa pembe ya kusaidia, hivyo nguvu inaongezeka wakati gari linang'oka. Raha yake ni kwamba gari linaondoka laini kama mtumbwi. Ubaya wake ni kuteleza zaidi, na kuteleza ndiyo joto. Kwa magari mepesi Chevrolet ilijaribu kukwepa vibomba: baadhi ya Powerglide zilipozwa kwa upepo tu, hazikuwa na bomba wala kipozeo kwenye rejeta. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Sasa hapa ndipo niliposahau chai yangu ikapoa. Hydra-Matic zote zilikuwa zikitengenezwa mahali pamoja, Livonia, nje kidogo ya Detroit, kiwanda cha karibu ekari 35 chini ya paa moja. Tarehe 12 Agosti 1953 mafundi walikuwa wakikata bomba kwa moto wa gesi huko juu. Cheche zikaangukia kwenye trei ya mafuta ya kuzuia kutu. Kiwanda hakikuwa na kuta za kuzuia moto, vinyunyizio vya maji vilikuwa sehemu ndogo tu. Paa lilikuwa la mabati yaliyopakwa lami. Lami ikayeyuka, ikaanza kudondoka chini ikiwaka. Watu walikufa, na kiwanda chote kikawa majivu na vyuma vilivyopinda. Wataalamu wa moto waliutumia mkasa huo kwa miaka mingi kufundisha jinsi ya kujenga paa za viwanda. Mimi kama mwandishi wa habari nimekwenda kwenye mioto kadhaa, na kila mara swali ni lile lile: nani aliruhusu watu mia kadhaa wafanye kazi chini ya kitu kama kile?

Cadillac na Oldsmobile zikabaki na magari yasiyo na giaboksi. Pontiac pia. Hata Lincoln ya mpinzani wao Ford ilikuwa ikinunua Hydra-Matic. Kilichofanyika ni kwamba baadhi ya Cadillac na Oldsmobile zikafungwa Dynaflow ya Buick, na Pontiac zikafungwa Powerglide ya Chevrolet. Tafakari hilo. Leo mtu mwenye gari la zamani akitaka kubadili giaboksi ya aina nyingine anahangaika miezi gerejini: mikono ya kushikia haikai, shafti ndefu au fupi, vibomba vinatokea upande usiotarajiwa. Wahandisi wale walifanya hivyo hivyo, ila kwa maelfu ya magari mapya na kwa wiki chache, ili kiwanda kisisimame. Kwangu mimi hiyo ndiyo ya kwanza katika historia ya kubadili giaboksi, na nadhani haijapata kupitwa. Hydra-Matic yenyewe ikahamia Willow Run, jengo ambalo Ford walilijenga kutengeneza ndege za mabomu za B-24 wakati wa vita.

Haya, turudi kwenye ile Powerglide. Huko Marekani mtu mwenye Chevrolet ya miaka ya 1960 mara nyingi huitoa Powerglide ya gia mbili akaweka Turbo-Hydramatic 350, iliyotoka 1969 na gia tatu, au 700-R4 ya mwaka 1982 yenye gia nne. Ile ya kwanza ni rahisi: ikiwa na mkia mfupi, urefu wake ni sawa na Powerglide, mara nyingi shafti haiguswi. 700-R4 ni ndefu zaidi kwa inchi 3 hivi, kwa hiyo shafti inakatwa na mkono wa kushikilia giaboksi unasogezwa nyuma. Watu wanahangaika sana na hayo makubwa. Vibomba wanavikumbuka mwisho, saa nne usiku, wakiwa wamechoka.

Hapo ndipo pesa inapotea. Kama gari lilikuja na giaboksi ya gia za mkono, au ile Powerglide ya kupozwa kwa upepo, rejeta yake haina kipozeo kabisa. Huwezi kuunganisha bomba mahali pasipo na tundu. Ama rejeta ibadilishwe, ama kiwekwe kipozeo cha nje mbele yake. Kwa wenye rejeta sahihi, bomba linatakiwa liwe la chuma, kwa kawaida inchi 5/16, na mdomo wake upanuliwe kwa kukunjwa mara mbili ili usipasuke nati inapokazwa. Kuna wanaopenda bomba la shaba kwa sababu linapindika kirahisi. Linapindika, lakini mtikisiko wa injini unalichosha na siku moja linakatika barabarani. Kuna wanaokata kila kitu na kuweka mpira wa petroli. Mpira usiotengenezwa kwa oili ya moto ya giaboksi unalainika na kuchomoka. Na hesi nazo: matundu ya giaboksi nyingine yana hesi zilizonyooka, ukilazimisha nati ya hesi za koni unaipasua aluminiamu, na hapo umeua giaboksi kabla hata haijawashwa. Kwenye rejeta zinatumika spana mbili, moja inashika kiungo cha tenki na nyingine inakaza, la sivyo unanyonga kipozeo kilichomo ndani.

Lipi linatoa na lipi linarudisha? Kwenye Turbo 350 la chini linatoa, la juu linarudisha. Asiye na uhakika anachomoa bomba moja pale kwenye kipozeo, anaweka chombo, mwenzake anawasha injini sekunde chache na kuzima. Inakotoka oili pameonekana. Hilo lina maana hasa kwa anayeongeza kipozeo cha nje, kwa sababu kinakaa baada ya rejeta, njiani kurudi.

Na nyangumi je? Nilikuwa nafikia. Oili ya giaboksi si ya kulainisha tu. Lazima iziruhusu klachi zishike bila kushtuka. Kwa miaka mingi dawa iliyofanya hivyo ilitokana na mafuta ya nyangumi, yule mwenye kichwa kikubwa kama kontena. Huyo huyo ndiye Wamarekani wa karne ya 19 walikuwa wakimwinda mpaka bahari yetu, na meli zao zikitia nanga Unguja kuchukua maji na chakula. Marekani ilikuwa na konseli pale tangu 1837. Mwaka 1970 Marekani yenyewe ikamweka nyangumi huyo kwenye orodha ya wanyama walio hatarini na kuzuia mafuta yake kuingizwa nchini. Wakemia wa General Motors wakatafuta mbadala haraka, na moja ya oili za mwanzo zilizofuata, Dexron II-C, ikagundulika inakula vilehemu vya kipozeo ndani ya rejeta. Kipozeo kikitoboka, maji na oili vinachanganyika, unafungua mfuniko unakuta povu la waridi kama uji uliotiwa rangi, na maji yanabandua gundi ya sahani za klachi. Ikabidi itengenezwe nyingine, Dexron II-D. Nyangumi akapona kidogo, giaboksi zikaumia kidogo. Mimi nasema ilikuwa bei halali.

Mark II ya mjomba imeingiaje kwenye habari za Detroit? Kwa mlango wa 1969, Aisin Seiki ya Japani ilipoungana na BorgWarner ya Marekani kuanzisha Aisin-Warner, kampuni iliyokuja kuzitengenezea Toyota giaboksi za otomatiki. Damu ni ile ile, vibomba ni vile vile viwili.

Yule fundi mzee hakuosha kipozeo cha zamani. Alikitazama, akatikisa kichwa, akasema chembe zikishaingia kwenye mapezi yake hazitoki zote. Mjomba akanunua rejeta nyingine na giaboksi ya tatu. Vibomba vikasafishwa kwa petroli na upepo, kinyume cha njia ya oili, mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Gari likawashwa likiwa limesimama, gia zikapitishwa moja moja, oili ikapimwa injini ikiwa inanguruma, ikaongezwa karibu lita moja. Jumamosi tulikwenda nalo Bagamoyo na kurudi. Mjomba alisimama mara mbili njiani kuchungulia chini.