Ufunguo wa kalasi: kutoka JMPR mpaka siku ya posho

Huku kwetu Makobola, ikifika siku ya posho, nani anapewa ufunguo wa kalasi? Korali iko na mazoezi, Skauti wanataka kiwanja, wanafunzi wa mjadala wanatafuta ubao. Prefe anaamua vile anaona. Tusimlaumu haraka, hii mambo iko na historia.

Mwaka 1952, Bukavu, Padri Georges Defour alianzisha Xaveri. Ile wakati masomo mengi yalikuwa ya misheni, na mwenye misheni ndiye alikuwa mwenye mlango. Halafu 1972 Mobutu akafuta harakati za vijana za makanisa. Ikabaki JMPR, vijana wa chama cha MPR. Mwisho wa 1974 Leta ikachukua masomo yenyewe, na somo la dini likatolewa. Kiwanja kikawa cha animasyo: kuimba na kucheza kwa kusifu Chama. Waulizeni wazazi. Mlango ulikuwa wazi kabisa, ila kwa kundi moja tu.

Tarehe 26 Februari 1977, Leta na makanisa wakatia sahihi mkataba. Programu, ukaguzi na mshahara (sote tunajua ule mshahara!) vikabaki kwa Leta, uongozi wa kila siku ukarudi kwa kanisa. Ndiyo maana vibao vinaandikwa CEPAC, CELPA ao Katolika, na bado ni masomo ya umma.

Katiba ya 2006, kifungu cha 45, inafungua masomo kwa kila mtu bila kubagua dini ao mawazo ya siasa. Cha 37 kinalinda uhuru wa kuunda mashirika. Lakini kimoja kinamtazama mwanafunzi, kingine shirika. Ufunguo wa siku ya posho unaanguka katikati.

Marekani, sheria ya 1984 inasema sekondari ya umma yenye kupokea pesa ya serikali kuu, ikiruhusu kundi moja la wanafunzi lisilo la masomo likutane, haiwezi kukataza lingine kwa sababu ya dini, siasa ao mawazo yake. Hailazimishi kufungua mlango. Inakataza kuchagua.

Mimi naona hicho ndicho cha kuazima. Prefe na komite ya wazazi waandike karatasi moja, waibandike mlangoni: saa, usafi, nani analipa kioo kikivunjika. Ileile kwa korali, kwa Skauti, na kwa wale wa mjadala wanaoshukiwa kila mara kwamba wanaleta siasa.