Kutu na Weusi wa Mtutu

Kutu ni adui wa chuma. Wakaazi wa pwani hawahitaji kuelezwa hilo, kwani chumvi ya bahari imekwisha kula misumari ya majahazi na komeo za milango yao. Lakini mafundi bunduki wa Ulaya wa karne ya 19 walimfanya adui huyo kuwa mlinzi. Waliusafisha mtutu mpaka usibakiwe na mafuta, wakaupaka maji yenye tindikali, wakauacha penye unyevu hadi ukaota kutu nyekundu. Kisha wakauchemsha. Katika maji yatokotayo kutu ile iligeuka nyeusi, ikashikamana na chuma. Walisugua, wakarudia siku baada ya siku, hata weusi ukakolea. Mtutu uliovishwa hivyo haukumetameta juani, na ukipakwa mafuta haukuliwa upesi.

Mwaka 1912, mjini Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alitakiwa kutafuta dawa ya mitutu iliyokuwa ikilika ndani kwa joto la baruti. Brearley, aliyezaliwa mwaka 1871, aliacha shule angali mtoto, akaanza kwa kuosha chupa za maabara, na elimu ya madini akaitafuta mwenyewe. Agosti 1913 aliyeyusha feleji yenye kromiamu asilimia 12.8. Sifa iliyoipa jina feleji hiyo haikuwa ya vitani bali ya jikoni: ilifuliwa visu, na siki na ndimu hazikuvitia doa.

Mwaka 1965 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilitoa bastola ya feleji isiyoshika kutu, Model 60. Hapo kitendawili cha mafundi kikakaza. Kromiamu ikikutana na hewa hujifunika utando mwembamba usioonekana. Utando huo unaozuia kutu ndio huohuo unaozuia weusi, kwa kuwa weusi wa kale asili yake ni kutu. Kipande cha feleji hiyo kikitiwa katika dawa ya wazee, hutoka karibu kama kilivyoingia. Fundi hana budi kwanza auvunje utando kwa tindikali kali, au akivike kromu nyeusi kwa nguvu za umeme.

Hata hivyo, kuoanisha rangi kunabaki kazi ngumu. Kivulini vipande viwili huonekana ndugu. Juani kimoja huelekea buluu, kingine kijivu. Chuma kilichokubali kuliwa kidogo kilipata weusi wake mwilini mwake. Kilichokataa kuliwa, mara nyingi huazima vazi.