Vipimo vya skii za kupandia milima

Skii za kupandia milima ni skii zinazotengenezwa kwa ajili ya kupanda mlima wenye theluji kwa nguvu za miguu na kisha kuteremka kwa kuteleza. Zinatofautiana na skii za viwanja vya michezo ya theluji, ambako mtelezaji hupandishwa hadi juu kwa lifti. Vipimo vyake vikuu ni viwili: urefu, unaotajwa kwa sentimita, na upana, unaotajwa kwa milimita.

Kuchagua vipimo hivyo ni kupatanisha mahitaji yanayopingana. Skii fupi na nyembamba ni nyepesi, hivyo humchosha mpandaji polepole. Skii ndefu na pana huelea vizuri zaidi juu ya theluji laini na hutulia wakati wa kuteremka kwa kasi. Kwa kawaida kupanda huchukua saa nyingi kuliko kuteremka, lakini mtu anayeteremka akiwa amechoka huanguka kwa urahisi. Kwa sababu hiyo uzito wa skii unahusu usalama pia, si starehe tu.

Historia

Neno "skii" limetokana na Kinorwei ski, ambalo asili yake ni neno la kale la Skandinavia lenye maana ya kipande cha mti kilichopasuliwa. Kwa karne nyingi skii zilikuwa mbao ndefu za kusafiria wakati wa baridi. Katika karne ya 19 Sondre Norheim (1825–1897), mwenyeji wa Morgedal katika mkoa wa Telemark, Norwei, alijulikana kwa kutumia skii zilizokuwa nyembamba katikati kuliko kwenye ncha na mkia. Umbo hilo lilirahisisha kugeuka, na bado linaonekana katika skii za leo.

Vifaa vinavyoambatana nazo

Vifungio vya skii hizi huacha kisigino kikiwa huru wakati wa kupanda, kisha hukibana wakati wa kuteremka. Chini ya skii hubandikwa ngozi za kupandia, yaani mikanda yenye manyoya yanayolala kuelekea nyuma. Mikanda hiyo huruhusu skii kuteleza mbele lakini huizuia kurudi nyuma. Zamani ilitengenezwa kwa ngozi ya sili. Siku hizi hutumika nailoni au manyoya ya mbuzi wa Angora. Ngozi hukatwa kufuata upana wa skii, huku kingo za chuma zikiachwa wazi ili ziume theluji ngumu.

Upana

Upana wa skii huandikwa kwa namba tatu, kwa mfano 120-86-106. Namba ya kwanza ni upana wa sehemu ya mbele, ya pili ni upana wa kiuno, yaani sehemu iliyo chini ya buti, na ya tatu ni upana wa mkia. Namba ya kiuno ndiyo inayotumika zaidi katika kulinganisha skii:

- Takriban milimita 65: skii za mashindano, nyepesi sana, zinazohitaji ufundi mkubwa wakati wa kuteremka.
- Milimita 75 hadi 85: safari ndefu, barafuto na theluji ngumu ya majira ya kuchipua.
- Milimita 85 hadi 95: matumizi mchanganyiko katika hali mbalimbali za theluji.
- Milimita 95 hadi 105: theluji laini ya katikati ya majira ya baridi.
- Zaidi ya milimita 105: theluji ya unga yenye kina kirefu, kama ile ya kisiwa cha Hokkaido nchini Japani.

Skii pana huelea kwa sababu uzito wa mtu husambazwa juu ya eneo kubwa zaidi. Kwenye theluji iliyoganda hali hubadilika. Ukingo wa skii pana uko mbali zaidi na mstari wa katikati ya mguu, hivyo kifundo cha mguu na goti hufanya kazi kubwa zaidi kuulaza ukingo huo mlimani. Katika kukatiza mteremko mkali wa barafu, skii nyembamba hushika vizuri zaidi. Mahali hapo wapandaji hufunga pia meno ya chuma chini ya buti. Meno hayo lazima yawe mapana kidogo kuliko kiuno cha skii, la sivyo hayawezi kupita pande zote mbili.

Urefu

Kwa skii za matumizi ya kawaida, urefu huchaguliwa kati ya kidevu na utosi wa mtumiaji. Wengi huchukua skii iliyo fupi kuliko kimo chao kwa sentimita 5 hadi 10. Mambo yafuatayo hubadilisha kipimo hicho:

- Uzito: skii hubeba kilo, si kimo. Mtu mzito, au mwenye mkoba mzito, huhitaji skii ndefu kidogo au ngumu zaidi.
- Njia ya kupanda: kwenye mteremko mkali mpandaji huenda kwa kupinda kushoto na kulia, akigeuza mguu mmoja baada ya mwingine. Skii ndefu huwa ngumu kuzungusha mahali finyu.
- Ncha iliyoinuka: skii ambayo sehemu yake ya mbele imeinuka mapema hugusa theluji kwa sehemu fupi zaidi, hivyo inaweza kuchaguliwa ndefu kidogo.
- Ujuzi: anayeanza hugeuza skii fupi kwa urahisi zaidi.

Skii za milimani za Norwei hufuata desturi nyingine. Kwa kuwa nyanda za juu za huko zina miteremko ya polepole na safari ni ndefu, skii hizo ni nyembamba na mara nyingi huzidi kimo cha mtu kwa sentimita 10 au zaidi.

Mfano

Mtu mwenye kimo cha sentimita 172 na uzito wa kilo 70 anakusudia kusafiri majira ya kuchipua katika milima ya Alpi, kwa njia ya Haute Route kutoka Chamonix (Ufaransa) hadi Zermatt (Uswisi). Atapita juu ya barafuto na kukutana na theluji iliyoganda asubuhi. Skii yenye kiuno cha milimita 80 hadi 88 na urefu wa sentimita 163 hadi 168 inamfaa. Kama angepanda zaidi mwezi Januari kwenye theluji mpya, angeweza kuongeza upana hadi milimita 95, akikubali uzito wa ziada.

Makosa ya kawaida

Kosa la kwanza ni kuchagua skii kwa ajili ya siku chache za theluji nzuri badala ya hali inayokutwa mara nyingi. La pili ni kupima kimo bila kuhesabu mkoba. La tatu, lililo la hatari zaidi, ni kudhani kwamba skii pana humkinga mtu na maporomoko ya theluji. Skii ya upana wowote inaweza kuchochea poromoko. Kinga hutokana na kusoma taarifa za hatari, kuchagua mteremko unaofaa na kubeba vifaa vya uokoaji.